Brandi Ikikupigia Saa Tano Usiku: Mwongozo wa Kuweka Mipaka kwa Mtengeneza Maudhui wa Dodoma

Kazi ilikuwa video moja ya sekunde 60. Mteja ana nyumba za kupangisha kwa siku upande wa Ilazo, na alikubali kulipa 150,000. Nilifurahi, maana ilikuwa mwishoni mwa Machi, Bunge la bajeti linakaribia kuanza, na kila mtu Dodoma anajua mji unavyojaa wageni kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Hatukuandikiana chochote. Tulipeana mikono getini, basi.

Video nikaitoa. Akaomba "picha mbili tatu tu" za vyumba, zikafika 11. Akaomba nibadilishe muziki. Nikabadilisha. Akaomba nibadilishe tena kwa sababu mke wake hakuupenda. Wiki iliyofuata napita barabara ya kwenda Nanenane, naiona sura yangu kwenye bango. Wakati huo alikuwa ameshaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi wake, ambako siku moja niliulizwa nani ana ufunguo wa chumba namba 4.

Nilikaa na daftari nikapiga hesabu. Kurekodi saa 5, kuhariri saa 6: hizo ndizo nilizokuwa nimepanga. Marekebisho yalikula saa 9, picha na safari za kwenda na kurudi saa 3. Jumla saa 23. Toa bodaboda 12,000 na bando 10,000, nimebaki na 128,000. Kwa zile saa 11 za mwanzo ningekuwa nalipwa zaidi ya 11,600 kwa saa. Kwa saa 23 ni kama 5,565. Na mteja hakuniibia. Kila alichoomba, mimi ndiye niliyejibu, "Haina shida, bosi."

Vijijini kwetu mashamba mengi na maboma yamezungushiwa minyaa. Sijawahi kuona mtu anapanda minyaa siku ambayo mbuzi wa jirani wameshaingia kwenye mtama. Siku hiyo kazi ni kufukuza mbuzi na kugombana. Haya ninayoandika hapa ni ya kupanda mapema, mkiwa bado mnacheka na mteja.

Hatua ya 1: Jua bei yako imebeba nini

Kabla ya kumtajia mtu bei, gawa kazi yako vipande. Kusoma maelezo ya mteja na kupanga. Safari. Kurekodi. Kuhariri. Kuandika kapsheni. Kurusha. Kujibu maoni ya watu siku mbili za mwanzo, kama mteja anataka hilo. Kila kipande kiwekee saa zake na gharama zake.

Safari usiidharau. Mtu anakwambia "njoo tu hapa Mtumba mara moja", kana kwamba Mji wa Serikali uko nyuma ya Jamatini, katikati ya mji. Shamba la zabibu Hombolo ni nusu siku yako hata kama mtarekodi dakika 40. Halafu kuna jua. Kiangazi, mwanga mzuri wa nje Dodoma unaisha kama saa 3 asubuhi na kurudi saa 11 jioni. Katikati hapo sura zote zinakuwa na vivuli vya macho, na mwezi wa saba na wa nane upepo unapuliza vumbi hadi kwenye kipaza sauti. Mteja anayekulazimisha urekodi saa 7 mchana kwa sababu ndio muda wake wa mapumziko amekuongezea kazi ya kuhariri. Hiyo nayo ni bei.

Ukishajua namba yako ya chini kabisa, iandike mahali. Si lazima umwonyeshe mtu. Kazi yake ni kukuzuia wewe mwenyewe siku ya shida ya kodi ya nyumba.

Hatua ya 2: Usikubali kazi siku ileile unayoulizwa

Hii ni fupi lakini imeniokoa sana. Mtu akipiga simu na dili, jibu langu ni moja: "Asante sana kwa kunifikiria. Nitumie maelezo kwa maandishi, nitakurudia kesho kabla ya saa 6 mchana." Kisha kweli nirudi kabla ya saa 6. Anayekasirika kwa sababu umeomba usiku mmoja wa kufikiri amekuonyesha mapema jinsi miezi mitatu ijayo itakavyokuwa.

Hatua ya 3: Karatasi moja

Mali bila daftari hupotea bila habari, na video ni mali. Huhitaji mkataba wa kurasa 12. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, ambao mwenye mgahawa wa Majengo na afisa masoko wa kampuni wote watausoma hadi mwisho, unatosha kwa kazi nyingi. Ukiutuma WhatsApp na mteja akajibu "Nimekubali" pamoja na jina lake, una kitu cha kushika. Akisaini, bora zaidi.

Ndani yake weka haya:

- Vitu vingapi, vya urefu gani, vinarushwa wapi. "Rili moja ya sekunde 45 hadi 60 na stori tatu" ni maelezo. "Promo ya wiki" si maelezo.
- Nani anatoa bidhaa, eneo na watu wa kurekodiwa. Wenye sura zao wakubali wenyewe, na watoto wakiwemo, mzazi akubali kwa maandishi.
- Marekebisho mara mbili, na mteja ana siku mbili za kutoa maoni yake yote kwa pamoja.
- Bei, tarehe za malipo na njia ya kulipa.
- Matumizi: wapi na kwa muda gani anaruhusiwa kuitumia kazi hiyo.
- Itakuwaje kazi ikiahirishwa au kufutwa.

Hapo kwenye marekebisho ngoja nisimame kidogo, ndipo wengi tunapofia. Kosa si idadi tu, bali neno lenyewe. Kwako "marekebisho" ni kukata sekunde tatu au kurekebisha herufi za bei. Kwa mteja "marekebisho" ni kurudi kurekodi upya kwa sababu siku ile hawakuwa wamepaka rangi ukuta. Kwa hiyo eleza: marekebisho ni mabadiliko ya kile kilichokwisha kurekodiwa kwa kufuata maelezo tuliyokubaliana. Kurekodi upya ni kazi mpya, yenye bei yake. Na maoni yatoke kwa mtu mmoja. Ukiruhusu bosi, mhasibu na shemeji yake bosi kila mmoja akutumie yake, utatengeneza video tatu na hakuna atakayeridhika.

Kwa kuahirisha, mimi nimeweka hivi: ukiniambia saa 48 kabla, tunahamisha siku bila gharama. Ukiniambia nikiwa nimeshapanda boda, malipo ya awali hayarudi.

Hatua ya 4: Fedha, na ile asilimia 5

Nusu kabla ya kurekodi, nusu kabla ya kurusha. Kwa mteja mdogo sijawahi kubadilisha hilo tangu nilipoanza. Unamtumia drafti yenye jina lako limepita katikati ya picha. Akilipa iliyobaki unampa safi. Wahenga walishamaliza kwa kusema kukopa arusi, kulipa matanga.

Kampuni kubwa na ofisi za serikali haziendi hivyo, na Dodoma ndiyo tumejaliwa nazo. Wengi wao hawatoi malipo ya awali. Wanataka profoma (ankara ya awali ya kuonyesha bei), halafu oda ya maandishi, halafu ankara, halafu unasubiri. Mpaka wako hapo uko kwenye oda: usibebe kamera kabla haijatoka. "Wewe anza, makaratasi yanafuata" ni sentensi iliyoniweka miezi minne nikisubiri hela ya siku moja.

Watakuomba TIN, namba ya mlipakodi. Kuipata TRA ni bure, kwa hiyo usiwe na kisingizio. Na tangu Sheria ya Fedha ya 2024, anayemlipa mtengeneza maudhui mkazi wa Tanzania anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Mara ya kwanza nilikasirika kuona 380,000 badala ya 400,000, nikadhani mhasibu amenila. Hakunila, mimi ndiye sikujua. Siku hizi nauliza mapema kama bei tunayoiongelea ni kabla au baada ya makato. Ukitaka 400,000 kamili mkononi, bei ya kuandika ni kama 421,100. Na dai cheti cha kodi iliyozuiwa, maana ndiyo ushahidi wako siku ya kukaa na TRA.

Kuna pia wanaotaka kulipa kwa chakula, kulala bure au "kukutangaza". Simkatalii kila mtu. Chupa mbili za mvinyo mzuri wa zabibu zetu nazo zina bei. Ila zina bei inayojulikana, na naitoa kwenye jumla. Mwenye nyumba yangu Nkuhungu hapokei kodi kwa chipsi kuku.

Hatua ya 5: Simu na saa za kazi

Nilikuwa na mteja, mama mtu mzima mwenye mgahawa, mkarimu kupita kiasi, ambaye anafunga hesabu zake saa 5 usiku na hapo ndipo anapopata nafasi ya kufikiria biashara. Voisi moja ya dakika nne. Ya pili ya dakika mbili, ikianza na "Na pia mwanangu, nilisahau". Ya tatu ni ya kuuliza kama nimelala.

Mtu kama huyu humwambii "naomba uheshimu muda wangu". Ni mama. Ukimwambia hivyo umemtukana, na Dodoma si kubwa kiasi hicho. Jumapili utamkuta kanisani au sokoni na wifi yako yuko pembeni. Nilichofanya ni kuanza kumjibu asubuhi tu. Saa 2 kamili: "Shikamoo mama. Nimesikia voisi zako zote tatu, asante. Nimeelewa hivi: moja, bei ya pilau iandikwe 6,000, mbili, nitoe sehemu ya jikoni, tatu, namba ya simu iwe kubwa. Nikiwa nimekosea naomba unisahihishe kabla ya saa 6, maana mchana nafunga marekebisho ya pili na ya mwisho."

Ujumbe huo umefanya kazi nne. Umemwamkia. Umegeuza maneno ya hewani kuwa maandishi. Umemkumbusha amebakiza zamu moja. Na umemfundisha kwamba asubuhi ndipo ninapopatikana, bila mimi kulitamka. Baada ya wiki tatu voisi zilikuwa bado zinakuja usiku, lakini zinaisha na "utajibu kesho".

Kwa wengine mashine inasaidia. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuweka saa za kazi na ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe. Yangu inasema: "Asante kwa ujumbe wako. Napatikana Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Nitakujibu muda huo." Halafu usiharibu kwa kujibu saa 4 usiku eti kwa sababu uko macho. Mpe shubiri, atachukua pima.

Grupu la wafanyakazi? Toka kwa adabu: "Kaka, nimetoka kwenye grupu ili maelekezo ya kazi yetu yakae sehemu moja. Nipo hapa kwa ujumbe binafsi."

Hatua ya 6: Uza kazi, usiuze akaunti wala sura yako ya milele

Mteja akilipia video, anadhani amenunua kila kitu kilichomo: wewe, sauti yako, vipande ambavyo hukuvitumia, na haki ya kuibandika hadi nyuma ya daladala. Usipoandika, ndicho atakachofanya, na hutakuwa na la kumwonyesha.

Tenganisha. Kurusha kwenye ukurasa wako ni kitu kimoja. Yeye kuirusha kwenye ukurasa wake ni kingine. Kuilipia iwe tangazo ni cha tatu, na bango, televisheni au kipeperushi ni cha nne. Kila kimoja kina bei na muda. Mimi natoa miezi mitatu ya ukurasa wake ndani ya bei ya kawaida. Tangazo la kulipia naongeza asilimia fulani kwa kila mwezi. Bango tunaanza mazungumzo upya.

TikTok ina utaratibu wa kumpa mteja msimbo ili alipie posti iliyoko kwenye akaunti yako, na wewe ndiye unayechagua muda: siku 7, 30, 60 au 365. Mteja akisema "weka tu mwaka mzima, haikupunguzii kitu", mkumbushe kwamba sura yako itakuwa inauza sabuni yake siku 365 huku sabuni nyingine zikikupita. Weka 30, akitaka tena alipie tena. Nywila ya akaunti hapewi mtu yeyote, hata awe amekulipa kiasi gani.

Kwenye muziki, usikubali shinikizo la "tumia ule wimbo unaotrendi". Akaunti za biashara TikTok zina maktaba yake ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo. Wimbo wa Bongo Fleva una mwenyewe, na kuutumia kuuza saruji si sawa na kuuchezea sebuleni. Mteja akiutaka, aende akanunue kibali.

Kuna na ile ya "usifanye kazi na mshindani wetu". Hoteli moja iliwahi kunitaka nisitangaze hoteli nyingine miezi sita, kuanzia Machi. Piga hesabu: miezi sita kuanzia Machi inameza Bunge lote la bajeti. Ombi lenyewe si baya, ila lina bei, na bei yake ni kazi utakazozikataa. Nilihesabu kazi za hoteli nilizopata msimu uliopita, nikamtajia jumla yake. Tukaishia kukubaliana wiki tatu.

Hatua ya 7: Orodha ya hapana

Iandike ukiwa umeshiba. Yangu ina krimu za kujichubua, dawa za "kuongeza" chochote, kubeti, na mikopo ya simu. Yako inaweza kuwa tofauti.

Kuna sababu zaidi ya dhamiri. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa, na chakula na vipodozi viko TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Mtu mwenye kopo lisilo na usajili anayekutaka useme linatibu vidonda vya tumbo anakutafutia kesi wewe uliye kwenye video, yeye hata jina lake hulijui. Kwenye mikopo ya mtandaoni, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Fikiria mtengeneza maudhui aliyekuwa ameshazirushia "download sasa".

Jibu la kukataa lisiwe na maelezo mengi. "Asante kaka kwa ofa. Bidhaa za aina hii sizitangazi. Nikutakie biashara njema." Ukieleza sababu tano, atakujibu zote tano.

Na hata bidhaa nzuri, usiseme usichokijua. Mteja akikuandikia "nimetumia miezi mitatu" na wewe umeipokea jana kwenye basi, futa hiyo sentensi. Washa pia alama ya ushirikiano wa kulipiwa ili mtazamaji ajue. Wapo wateja wasioipenda. Wajulishe mapema kuwa haiondoki.

Hatua ya 8: Mpaka ukishavukwa

Utavukwa. Nina ujumbe wa aina tatu, na sirukii wa tatu.

Wa kwanza ni kumbusho, bila lawama: "Habari dada, nakukumbusha malipo ya awamu ya pili, 75,000, tulikubaliana tarehe 10. Nitashukuru." Wa pili, siku saba baadaye, unabeba picha ya ile karatasi aliyojibu "Nimekubali" na tarehe mpya. Wa tatu unasema utakachofanya na unakifanya: kusimamisha kazi zilizobaki, kumtaka aache kutumia video, na deni likiwa la maana, kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako unaweza kufungua dai mwenyewe bila wakili. Peleka karatasi, ujumbe na risiti. Kumwanika mtu mtandaoni hakumo kwenye orodha; siku hiyo utakuwa umempa yeye kesi.

Si kila deni linafuatwa. Mmoja aliniachia 60,000 ya video ya duka, simu hapokei, nikaona nauli na muda vitakula yote. Nikaliacha kwenye daftari, sikulifuta. Mwaka uliofuata Aprili akanitafuta mwenyewe, mchangamfu kama hakuna kilichotokea, anataka video ya wageni wa Bunge. Nikamtumia ankara yenye mistari miwili: deni la zamani 60,000, kazi mpya 200,000 inayolipwa yote kabla. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu 60,000 ikaingia kwenye simu, na chini yake ujumbe: "Huo wa pili punguza kidogo basi, mdogo wangu."